Padoki ya Mbari

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika vibaya jina langu mwenyewe. Naitwa Lusweti. Kwenye kitabu cha wafanyakazi cha Shamba la Juu, mbele ya mwajiri wangu mpya, niliandika Rusweti, kwa mwandiko wa kupendeza na mstari chini yake. Mwajiri akavaa miwani, akasoma, kisha akanitazama juu ya miwani hiyo.

"Kijana, jina lako nani?"

"Rusweti, Daktari."

"Na baba yako?"

"Yeye pia ni Rusweti."

"Basi mmepotea wawili," akasema. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaikata ile R na kuweka L juu yake. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Sikuwa mjinga, nataka mjue hivyo. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alinichapa kwa kusema "balabala", na kwa akili ya mtoto nikaamua kwamba herufi yenye viboko ni l. Kuanzia hapo nikaweka r kila nilipokuwa na shaka, na shaka nilikuwa nayo karibu kila neno. Kwetu watu wengi huzichanganya herufi hizo mbili bila kujali. Mimi nilichagua moja nikashikamana nayo.

Daktari alikuwa daktari wa mifugo, Mwislamu wa Mumias, mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Aliacha kazi ya serikali akanunua shamba kutoka kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago. Shamba lenyewe liko upande wa juu wa Kakamega. Ukitoka Butali ukaelekea mashariki, miwa inapungua, inaisha, kisha ardhi inaanza kupanda kuelekea ukuta wa milima ya Nandi. Hapo ndipo tulipokuwa sisi, juu ya miwa na chini ya mawe. Tulilisha ng'ombe na kuuza nyasi kavu, na majirani wa miwa walituona kama watu wa ajabu, eti tunalima kitu kinachoota chenyewe.

Kazi yangu ilikuwa karani wa malisho. Shamba liligawanywa padoki nne, yaani vipande vya malisho vilivyozungushiwa seng'enge, ili ng'ombe wale kipande kimoja huku vingine vikipumzika. Kila asubuhi nilizunguka kwa miguu, kisha nikaandika katika kitabu cha malisho: padoki gani ina ng'ombe, ipi imelala, ipi iko tayari kukatwa. Kulikuwa na Padoki ya Josho, pale ng'ombe walipoogeshwa dawa ya kupe, na Padoki ya Ghala, na Padoki ya Mto. Ya nne ilikuwa mwisho kabisa, chini ya mlima, mwendo wa nusu saa kutoka ofisini, nayo iliitwa Padoki ya Mbali. Mimi nikaandika "Padoki ya Mbari."

Kila Ijumaa, akirudi kutoka msikitini, Daktari alikaa na kitabu changu na ile kalamu nyekundu. Siku moja nilikuwa nimeandika, "Ng'ombe wako mahari pazuri."

"Lusweti," akaniita. "Kwamba ng'ombe ni mahari, hilo najua, nami nilitoa wangu. Ninachouliza ni, wako wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka akavua miwani. "Herufi hizi mbili ni ndugu," akaniambia, "lakini hawalali kitanda kimoja." Kuhusu ile padoki ya nne alinieleza pia, kwamba mbali ni umbali na mbari ni ukoo, watu wa damu moja na ardhi yao. Nikaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata nikaandika mbari tena, kwa sababu kichwa cha ukurasa nilikuwa nikikinakili bila kufikiri, naye akaikata tena kwa wino mwekundu. Mchezo huo uliendelea miaka miwili hivi.

Aliyenifundisha nyasi zenyewe hakuwa Daktari. Alikuwa nyapara wa nyasi, Mzee Mukhwana, mtu mfupi mwenye mikono mipana, asiyejua kusoma na asiyehitaji. Alizaliwa ndani ya shamba hilohilo, kule Padoki ya Mbali, wazazi wake walipokuwa vibarua wa mzungu. Walikufa kule na wakazikwa kule, kwenye pembe ya juu iliyopakana na mawe. Mukhwana hakuwa na kipande kingine cha ardhi duniani. Daktari aliponunua shamba, ramani haikuonyesha makaburi, na hakuna aliyeuliza.

"Wewe karani," Mukhwana aliniambia juma la kwanza, "hiyo karamu yako weka chini. Kuja uone nyasi."

Akanionyesha. Nyasi hukatwa zikianza kutoa maua, kabla mbegu haijakomaa. Ukichelewa, alisema, unakata kuni. Ukishakata unazitandaza, unazigeuza kwa reki mara mbili au tatu mpaka zikauke sawasawa. Kujua kama zimekauka, unachukua fungu dogo unalisokota mkononi. Likivunjika ovyo umekausha kupita kiasi na majani yote yataanguka njiani. Likitoa unyevu kwenye kiganja, usifunge. Likisokotwa likakaa, likanukia kama chai, hapo unafunga. Hatukuwa na mashine siku hizo. Tulikuwa na sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, tunashindilia nyasi ndani kwa miguu, tunazifunga kwa kamba ya katani, tunavuta sanduku juu, na robota linabaki limesimama lenyewe.

Mnaoijua Kakamega mnajua shida yetu ilikuwa nini. Mvua ya huku haina adabu. Asubuhi jua kali, watu wamekula mchana wanajinyoosha, mara wingu linatoka nyuma ya mlima na linamwaga, pengine na mawe ya barafu juu yake. Kwa hiyo tulikata miezi ya kiangazi, na hata hapo Mukhwana alikuwa na jicho moja kwenye nyasi na jingine mlimani. "Hilo wingu liko na miguu," angesema, na wote tunatupa reki tunakimbilia turubai. Robota likifungwa na maji linachemka ndani kwa ndani ghalani, na linaweza kuwaka moto peke yake. Ndiyo maana alinifundisha kuingiza mkono mpaka kwapani katikati ya rundo, kila siku kwa wiki tatu. "Kama inakuchoma, toa yote njee. Kama iko baridi, enda ulale." Mkono wangu wa kulia una alama za miiba ya nyasi mpaka leo.

Mukhwana alikuwa na binti mmoja, Nafula, jina wanalopewa waliozaliwa wakati wa mvua. Alikuja kugeuza nyasi na wanawake wengine msimu wangu wa pili. Nafula alikuwa kinyume changu kabisa. Yeye kila r aliigeuza l. Habali, kabuli, balabala, yote sawa kwake. Lakini jina langu alilitamka vizuri kabisa, mtu wa kwanza shambani kuniita Lusweti bila kufundishwa, na kwa mtu aliyezoea kukatwa kwa wino mwekundu kila wiki, hilo lilinigusa kuliko ninavyoweza kueleza. Tukaoana. Nilimhamishia kwetu, karibu na Butali, na kila asubuhi nikapanda baiskeli kurudi kazini.

Ndoa ilitia kazi yetu kwenye matatizo. Mkwe na mkwe hawaonani vifua wazi, na hakuna anayeshindilia nyasi juani akiwa amevaa shati. Mimi na Mukhwana tulifanya hivyo. Wiki nzima tulifunga marobota tumefunga vifungo mpaka shingoni, jasho linatutiririka, tukiwa tumepishana mistari mitatu ya nyasi kwa heshima, na wanawake wakicheka mpaka wanakaa chini. Daktari alitutazama akatikisa kichwa. Kesho yake akanihamishia Padoki ya Mto na kumwacha baba mkwe Padoki ya Ghala, na sote wawili tukavua mashati.

Mukhwana aliugua mwishoni mwa kiangazi kimoja, nyasi zote zikiwa ndani. Alimwita Daktari nyumbani kwake, kile kibanda karibu na josho, akamwomba jambo moja tu, alazwe pale walipolala wazazi wake. Nilikuwa mlangoni, nilisikia.

"Mimi sina pengine, Dakitari."

"Utalala kwako, Mzee," Daktari akamjibu. Wala hakufikiria.

Tulimzika pembe ya juu ya Padoki ya Mbali. Daktari, Mwislamu katikati ya nyimbo zetu za kanisani, alisimama mpaka mwisho. Udongo ulipokwisha kusawazishwa aligeuka akatuambia wafanyakazi, "Pembe hii trekta isiiguse. Nyasi za hapa zikatwe kwa mkono." Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Kila kiangazi, sisi tukimaliza kukata padoki nzima, Nafula alipanda na mundu wake, akakata pembe ile mwenyewe, akafunga mafungu madogo, akayaacha kando ya seng'enge ng'ombe wapite wale. Siku hiyo moja ya mwaka haongei na mtu mpaka amalize.

Lakini ruhusa ile ilitolewa kwa mdomo, na haikuandikwa popote.

Nilipewa kazi ya Mukhwana, nyapara wa nyasi, nikaendelea pia na kitabu. Baadaye nikawa msimamizi wa shamba, cheo kikubwa cha kubeba funguo. Trekta lilikuja, na mashine ya kukata, na mwishowe mashine ya kufunga marobota, inayotema robota nyuma kama kuku anavyotaga. Mimi niliendelea kuingiza mkono ndani ya rundo. Mara moja nilianguka kutoka juu ya marobota ghalani nikavunjika mkono wa kulia, na kwa wiki sita Daktari aliandika kitabu cha malisho yeye mwenyewe. Kuhusu ile kalamu nyekundu, kwa miaka ilizidi kuwa adimu. Nikadhani nimejua kuandika, au mzee amechoka.

Nilistaafu magoti yalipokataa baiskeli. Daktari alinisindikiza mpaka langoni akaniambia, "Nenda salama, Rusweti," na tukacheka kama watu wawili walioiba kitu. Miaka michache baadaye alifariki. Amezikwa kwao Mumias.

Mwaka huu, kwenye lango lilelile, Mama Daktari, mjane wake, alitundika ubao: Shamba la malisho na nyasi linauzwa. Mama naye magoti yamemwisha, na binti yake wa Mumias anamtaka nyumbani akamtunze. Mabroka, wale madalali wa ardhi, walikuja kwanza. Mmoja alisimama katikati ya Padoki ya Mto akasema hapa panafaa kung'oa nyasi zote tuingize miwa hadi kwenye mawe. Mama alimwonyesha lango kwa fimbo yake. Alitaka mtu wa nyasi. Akanitumia ujumbe nije nimtembeze mnunuzi atakayefaa, maana mipaka yote naijua mimi.

Aliyefaa alikuwa mama mmoja wa Nyandarua, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyeshuka garini akiwa tayari amevaa gambuti. Nilimpenda tangu ghalani. Hakuuliza paa lina umri gani. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akakunja mkono wa sweta, akaingiza mkono mpaka kwapani.

"Iko baridi," akasema.

"Basi enda ulale," nikamjibu, kisha nikaona haya, kwa sababu yeye hakumjua Mukhwana.

Nikamwonyesha josho, mto, seng'enge mpya na ya zamani. Kule Padoki ya Mbali alisimama akaangalia mlima, wingu lililokaa juu yake, na nyasi zilizofika magotini. Ndiyo padoki bora kuliko zote. Mimi nikampitisha chini, upande wa mto. Sikumpeleka pembe ya juu. Kaburi humkimbiza mnunuzi, nilijiambia, nami nitaharibu biashara ya Mama aliyenilisha miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa kusikia akisema atayasawazisha makaburi.

Tuliporudi sebuleni wakili wa Mama alikuwa ameweka mezani vitabu vya malisho vya miaka yangu ya mwisho kazini, kwa sababu mnunuzi alitaka kuona padoki zilivyokuwa zikipumzishwa. Yule mama alifungua, akasoma, kidole chake kikasimama.

"Hii ni nini? Padoki ya Mbari?"

Niliinama nikaona mwandiko wangu.

"Kwetu hilo ni neno zito," akaendelea. "Mbari ni ukoo na ardhi yao. Kama kuna wenyewe, nataka kuwajua leo, sio baada ya kulipa. Mimi sinunui kesi."

Wakili alikunja uso. Hatimiliki, alisema, inaonyesha shamba zima ni la marehemu Daktari. Lakini rekodi ya shamba lenyewe, iliyoandikwa miaka mingi na msimamizi, ikisema kipande fulani ni cha ukoo, hawezi kuifumbia macho. Itabidi padoki hiyo nzima iondolewe kwenye mauzo mpaka ijulikane ni ya nani. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi niliyeiandika.

"Karani?" Mama akauliza. Hakuwahi kuacha kuniita karani.

Nikasema nahitaji kukumbuka vizuri. Nikaomba siku mbili. Yaani mimi, ambaye nilikumbuka kila robota.

Nafula alikuwa amepika obusuma, ugali wetu, na kuku. Nilimweleza kila kitu huku chakula kikipoa. Aliweka mikono mapajani akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Lose," akasema, akiniita kwa jina la binti yetu kama kawaida, "wewe nyamaza tu. Kitabu kimejisemea."

"Kitabu ni mimi, Nafula. Nilikosea herufi."

"Na kama Mungu ndiye alikukosesha je?"

"Padoki nzima. Bora kuliko zote. Mama atauza shamba limekatwa mguu."

"Mimi sitaki padoki. Nataka hapo baba amelala. Wakitupatia yote, sisi tutawarudishia ingine, tubaki na pembe." Alisema hivyo na machozi yakamtoka, naye si mtu wa kulia. "Nimekatanga hizo nyasi na mkono yangu miaka yote. Nikifa, nani atakata? Na sasa tlekta ipite juu ya kichwa ya baba yangu, sababu ya l?"

Miaka yote ya ndoa hajaniomba kitu kikubwa, na hiki kimoja alichoomba kilikuwa ninyamaze. Nikamtazama na nikataka kunyamaza, nawaambia ukweli. Ningeweza. Zaidi yangu na Nafula, hakuna mtu mwingine hai aliyejua.

Lakini kila nilipofikiria kunyamaza nilimwona Daktari na miwani yake. Alinifundisha herufi hizo kwa uvumilivu, Ijumaa baada ya Ijumaa, na sasa nitumie kosa alilolisahihisha ili nimnyang'anye mjane wake. Siku ya pili asubuhi nikamwambia Nafula nakwenda kusema ukweli, na kwamba baada ya kusema nitaomba pembe ile kwa mdomo wangu, hata kwa magoti haya mabovu. Alivaa kitambaa chake cha kanisani akatangulia nje, tukaenda wote.

Sebuleni walikuwa walewale watatu. Nilibaki nimesimama.

"Mama, ile ni makosa yangu. Padoki inaitwa ya mbali, kwa sababu iko mbali. Mimi nilikuwa sijui l na r. Daktari alinisahihisha mara nyingi, nikawa narudia. Kama hamniamini, leteni vitabu vya kwanza kabisa. Mtaona kalamu nyekundu." Nikamtazama mnunuzi. "Na nimekosa lingine. Kule juu kuna makaburi matatu, ya Mukhwana na wazazi wake. Daktari alimruhusu kwa mdomo. Huyu mgeni sikumwonyesha."

Wakili aliandika kitu. Mama alinyanyuka polepole, akaenda chumba kilichokuwa ofisi ya mumewe, akarudi na vitabu viwili vilivyonuka vumbi. Akavaa miwani ya marehemu, maana ya kwake alikuwa ameikalia, akafungua cha kwanza.

"Ni kweli," akasema. "Masikini, ona wino huu." Ukurasa baada ya ukurasa, mbari imekatwa, mbali imewekwa juu yake. Wakili akafunga kalamu yake, jambo limekwisha. Nafula aliinamisha kichwa.

Lakini Mama hakuacha kufungua. Alifungua kama mtu anayesoma barua, akicheka kidogo kidogo kwa makosa yangu, akafika kiangazi kile cha msiba, akapunguza mwendo.

"Karani, njoo uone. Hapa amekata 'imerara'. Hapa amekata 'mvua kari'. Mbari hakuikata."

Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Makosa mengine yote yalikuwa mekundu. Neno lile lilibaki jeusi, nilivyoliandika, kila wiki tangu tulipomzika Mukhwana. Kumbe hakuwa amechoka.

Kisha akachukua kitabu cha pili na kufika zile wiki sita nilizovunjika mkono. Mwandiko ulikuwa wa Daktari, wa wima na safi, mwandiko wa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchanganya herufi hizo mbili. Mama alisoma kwa sauti:

"Padoki ya Mbari. Imekatwa yote. Pembe ya juu imekatwa kwa mundu na wenyewe."

Nilijikuta nalia kama mtoto, mbele ya wakili, mbele ya mgeni, na sikujali. Nafula hakuelewa mara moja, ikabidi Mama amshike mkono na kumrudia neno moja moja. "Wenyewe, mama. Ni wewe uliyekuwa ukitajwa. Siku hiyo uliikata wewe."

Yule mama wa Nyandarua alinyanyuka. "Mimi nataka nyasi," akasema. "Wazee wa watu siwanunui. Pembe ipimwe, ipate karatasi yake. Na waachiwe njia ya kupita, si ya kuruka seng'enge." Kisha akanigeukia. "Wewe mzee, mwaka huu utakuja kunionyesha wingu lenye kuleta mvua. Hiyo hakuna mpima anaweza kunipimia."

Mpima ardhi alikuja na vyuma vyake, akaweka mawe manne ya mpaka kuzunguka makaburi na kipande kidogo cha nyasi. Mama amehamia Mumias. Ng'ombe wapya wameingia Padoki ya Josho, wakubwa, weusi kwa weupe, na wanatukana kila mtu kwa sauti. Kazi niliyoifanya sasa inafanywa na kijana mwenye simu, anapiga picha padoki na kuhesabu siku za mapumziko kwa kidole. Anaifanya vizuri. Nilimwomba jambo moja, aingize mkono ndani ya rundo, na nimeona anafanya hivyo. Nikiulizwa nimejifunza nini kazini, nasema nimejifunza kwamba mtu anaweza kukufundisha kwa kalamu nyekundu, na anaweza pia kukufundisha kwa kuiweka mfukoni. Hilo la pili lilinichukua maisha yote kuliona.

Wiki iliyopita karatasi ya kipande kile ililetwa nyumbani, kwa jina la Nafula. Wakili aliuliza kipande kiitweje, na Mama akajibu kwa simu kutoka Mumias kabla sijafungua mdomo. Nafula aliifuta meza, akafuta mikono kwa leso, akaishika karatasi mbali na macho, kidole chini ya maandishi, akasoma taratibu.

"Mbali ya Mukhwana."

"Mbari," nikamwambia. "Ni r, Nafula."

Akanitazama juu ya karatasi, kama Daktari alivyokuwa akinitazama juu ya miwani.

"Si ndiyo nimesema?"